Anayefunga Mfongo

1

Siku aliyoamua kuwafungia maji watu wa kijijini kwao, Apaikunda Mmari alikuwa anakunywa uji. Uji ulikuwa wa moto wa kubabua, lakini aliunywa tu kama kawaida yake, kikombe mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikitembea juu ya ramani iliyowaka kwenye meza ya kioo, kutoka bonde moja hadi jingine. Ngarony, upande wa kaskazini. Kifumbu. Lotima. Mrusunga. Alipofika Mrusunga alibonyeza, jina likageuka kutoka rangi ya buluu likawa la kijivu, naye akamalizia uji wake.

Mtu asiyejua angesema mkono ule haukutetemeka kwa sababu mwenyewe ni jasiri. Ujasiri gani! Mkono haukutetemeka kwa sababu Apaikunda alikuwa na ganzi mwaka wa tatu sasa, ganzi ya kisheria, ya kuchomwa sindano shingoni na muuguzi wa chuo kikuu. Mtu mwenye ganzi hiyo unaweza kumwambia nyumba yake inaungua, akakuuliza inaungua upande gani.

Mlango ulifunguka, akaingia Lemayian, fundi wa mapazia, akijipangusa chembe za barafu mabegani. Lemayian alikuwa mtu wa Ngarony, mwana wa wafugaji, na hakuwa na ganzi. Sheria ilimtaka mgawaji wa maji peke yake awe nayo. Kwa hiyo Lemayian alivaa makoti matatu na kulilalamikia kila moja, wakati Apaikunda alikaa mle mle ndani na kiblauzi cha mikono mifupi, vidole vyeupe kwa baridi.

"Umemaliza hesabu, Daktari?"

"Nimemaliza. Kesho asubuhi, jua likichomoza, ukunje mapazia ya Mrusunga. Bomba litakauka saa sita mchana. Usiyatandaze tena."

Lemayian alibaki na mkono kwenye kifungo cha koti. "Mrusunga si kwenu?"

"Ni kwetu."

"Si ndiko aliko mama yako?"

"Ndiko."

"Na husikii kitu?"

Apaikunda alijichunguza kwa uaminifu kabisa, jinsi mtu anavyopapasa mifuko kutafuta funguo. "Nasikia ulimi mzito," alisema. "Nadhani nimeuunguza."

Fundi akageuza uso. Kidole kile kile kilikuwa kimeyaokoa maji ya Ngarony, maji ya ng'ombe wa baba yake na ya zahanati alimozaliwa mwanawe. Furaha ilimjaa, aibu nayo ikaja ikaikalia furaha juu, na maskini hakujua aanze na ipi. Alisema, "Haya," akatoka.

2

Barafu ya Mungu iliisha mlimani kabla Apaikunda hajazaliwa. Iliyopo sasa watu wa chini huiita barafu ya chuo, na wanaitamka hivyo kwa midomo iliyobinuka kidogo, maana kitu cha chuo kina wenyewe.

Chuo kiliiotesha kweli, kama mtu anavyootesha uyoga. Kileleni kulisimikwa nyavu ndefu zilizopakwa chachu, vijidudu vilivyofugwa maabara ambavyo kazi yao ni moja tu. Alasiri ukungu unapopanda na kugusa wavu, chachu inaugandisha hata pale ambapo baridi peke yake isingeweza. Wavu ukilemewa unainamishwa, barafu inaangukia mlimani, inakaa. Siku ya kuhitaji maji, mafundi wanatandaza mapazia meusi juu ya barafu ya upande wa bonde linalohusika. Jua linaupiga ule weusi, barafu inayeyuka, maji yanaingia kwenye bomba na kushuka hadi kichwani mwa mfongo, yaani ule mfereji wa kale ambao mababu walichimba kwa mikono kupitia migombani. Pazia likikunjwa, maji yanakoma. Kwa maneno mengine, mwenye pazia ndiye mwenye watu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mgawaji wa kwanza aliwapendelea wakwe zake. Wa pili hakumpendelea mtu, ila alikuwa na moyo laini. Walioweza kupanda kwenda kumlilia aliwaongezea, na wasioweza kupanda, wagonjwa na wazee, wakakuta mfongo mkavu. Watu wakakata mabomba kwa mapanga, kisha wakakatana wenyewe. Yalipokwisha mazishi, chuo kikapitisha sheria kwamba anayegawa maji asiwe na uwezo wa kumwonea mtu huruma.

Watafiti wa ubongo walikuwa wamegundua kwamba baridi ya mwili na uchungu wa moyo hupita njia moja kichwani. Ifunge njia hiyo, na mtu atafanya kazi kileleni bila glavu, na papo hapo ataweza kumnyima maji shangazi yake. Waliona wamebahatika, dawa moja kazi mbili. Na tuseme haki yao, tangu siku ile hakuna aliyekatwa panga kwa ajili ya maji.

Hasara yake ilijitokeza taratibu. Jambo lisilouma halishiki kichwani, linapita na kwenda zake. Mgawaji aliyemtangulia Apaikunda, mzee mmoja aitwaye Kisaka, alizidi kuongezewa dozi hata baada ya kustaafu, na mkewe alipofariki alihudhuria mazishi vizuri tu, akala pilau, akauliza kama kuna soda baridi. Wanawe hawajamtembelea tena. Yeye hana habari, anaishi mjini, ana tabasamu, afya yake ni nzuri.

Apaikunda naye alimzika baba yake katika mwaka wa pili wa ganzi. Alipata habari, akamaliza kupima kina cha barafu, akashuka. Alisimama pale kaburini macho makavu, wakati mama yake akishikiliwa na wanawake wawili. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, mama alimjia, akamshika mashavu, akamtazama ndani ya macho kwa muda mrefu, kama anayechungulia dirisha la nyumba aliyowahi kuishi. Kisha akamwachia.

"Usije tena kwangu ukiwa hivi," alisema.

Na Apaikunda, kwa kuwa aliambiwa asiende, hakwenda.

3

Profesa Ndosi alimwita ofisini alasiri ile. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mzaliwa wa mjini, na ndiye aliyeongoza utafiti wa ganzi tangu panya wa kwanza. Juu ya meza yake kulikuwa na kisahani, na katika kisahani sindano.

"Nimeupitia uamuzi wako, Apai. Ukungu umepungua, barafu haitoshi mabonde manne. Ukiyagawia yote, yote yanakauka kabla ya masika. Mrusunga ina watu wachache, na Kifumbu kuna nyumba tupu za kuwahamishia. Sioni kosa."

"Hakuna kosa."

"Pole, hata hivyo."

"Ya nini?"

Profesa alishusha pumzi. "Dozi yako inafika mwisho. Nataka tukuchome leo, kabla ujumbe haujatumwa Mrusunga. Ganzi ikiachia, haiachii kwa adabu. Kila kilichokupita miaka hii mitatu kitarudi kwa mkupuo. Baba yako, halafu na hili. Sitaki likukute."

"Nikichomwa leo?"

"Halitakukuta kamwe. Tutakuwa tunakuongezea kila inapopungua. Mzee Kisaka si unamwona, yuko salama."

Apaikunda alimfikiria Mzee Kisaka na soda yake. Hakuona ubaya wowote, na hakuona uzuri. Lakini kulikuwa na jambo moja lililobaki halijatekelezwa, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

"Nitachomwa nikirudi," alisema.

"Kutoka wapi?"

"Mrusunga. Anayefunga mfongo husimama ndani yake."

Profesa hakuelewa, ikabidi aelezwe. Apaikunda alieleza kama anayesoma maelekezo ya kuwasha mtambo. Kwao mfongo ukifungwa, iwe kwa adhabu au kwa kiangazi, aliyekata shauri huingia ndani yake miguu mitupu, mbele ya wale wanaofungiwa, akakaa humo hadi tone la mwisho lipite. Hatumi mtu. Baba yake, aliyekuwa mkuu wa mfongo, aliwahi kusimama, mwaka alipoufungia ukoo mzima kwa kukataa kuja kusafisha mfereji. Maji ya mlimani si mchezo. Alitoka humo akaugua mapafu, akalala kitandani mwezi.

"Sasa huoni?" alisema Profesa. "Desturi hiyo ilikuwa ya kumfanya anayeamua aumie. Sisi tumeyaondoa maumivu kwa makusudi. Mwenye kuumia hupendelea."

"Sheria ya chuo inasema niamue bila kusikia. Nimeamua. Ya kwetu inasema nisimame majini. Sioni zinapogongana, Profesa."

"Na ganzi ikikuachia ukiwa huko huko? Ukamwona mama yako, ukapiga simu mapazia yatandazwe?"

"Basi mabonde manne yatakauka."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kuagiza chai. Profesa Ndosi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejivunia kuumba mtu asiyebembelezeka, alijikuta hana namna ya kumbembeleza. Aliogopa, na uoga wake ulikuwa wa haki. Mwishowe alimkubalia kwa shingo upande. Ujumbe ungezuiliwa hadi kesho, na muuguzi angemfuata kwa gari, na sindano.

4

Alishuka kwa gari la waya hadi msituni, kisha kwa miguu. Njiani aliona mmea wa sale ukingoni mwa shamba la mtu, akasimama akiufikiria. Watu wa kwao humpelekea jani la sale yule waliyemkosea, kumwomba radhi. Yeye alirudia hesabu kichwani, hakuona alipokosea, akaliacha jani mahali pake akaendelea na safari.

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba, akikatakata mgomba kwa ajili ya mbuzi. Tangu alipofiwa na mumewe yeye ndiye aliyeshika baragumu la mfongo, lile la kuwaita watu kusafisha mfereji. Zamani mwanamke hakuruhusiwa hata kukanyaga kichwani mwa mfongo, eti maji yatakasirika. Siku hizi wanaume walikuwa wamekwenda mijini, na maji hayakuwa na wa kumchagua.

"Shikamoo, mama."

Panga liliendelea. "Nilikuambia usije ukiwa hivyo."

"Nimekuja kikazi. Mfongo unafungwa."

Panga likasimama hewani, kisha likashuka taratibu. "Nani kaamua?"

"Mimi."

Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke aliyekwisha kulia kilio chake kikubwa, na hiki kilimkuta hana akiba. "Lini?"

"Kesho saa sita mchana."

"Kwa nini sisi?"

Apaikunda akamweleza. Ukungu, barafu, mabonde, idadi ya watu, nyumba za Kifumbu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ya maana kuhusu Ngarony, akajibiwa. Mbuzi walikuwa wakilia wakitaka chakula chao.

"Ungekuwa unasikia," mama alisema, "ungeamua hivi hivi?"

"Sijui, mama. Hilo siwezi kulipima."

"Haya." Mama alijiinua, akaanza tena kukata mgomba. "Utalala chumba cha mbuzi. Ndani mwangu sikuwezi."

Alilala huko, na alilala fofofo.

5

Saa tano asubuhi mama alipiga baragumu. Watu wakatoka na majembe mabegani, wakidhani ni siku ya kusafisha, wakamkuta Apaikunda kandokando ya mfongo akivua viatu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Majembe yakashushwa chini moja moja.

Aliingia. Maji yalimfika chini kidogo ya magoti, maji yaliyokuwa barafu siku moja iliyopita. Alisimama wima, mikono ubavuni, akitazama mbele. Wengine walikimbia nyumbani wakarudi na ndoo, sufuria, madumu, wakaanza kuchota kumzunguka. Ndoo ya mtu ikamgonga kwenye muundi. Hakusogea.

Hilo ndilo lililowakera. Wangeweza kuvumilia kufungiwa, walikuwa wamelitazamia kwa miaka. Lakini walikuwa wakimtazama miguu, wakingoja kuiona ikitetemeka, nayo ilikuwa imetulia tuli.

"Hata hatetemeki," alisema mtu.

Mama Ndelilio, jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane mwenye ulimi usiotafuta ruhusa, alisogea hadi ukingoni. "Wewe binti ya Mmari. Unatuchezea shere?"

"Hapana, mama. Nafuata desturi."

"Desturi ipi? Baba yako alisimama humu meno yakigongana hadi tukamwonea huruma sisi tuliofungiwa. Mimi mwenyewe nililia, na alikuwa ananifungia mimi! Ndiyo maana tuliweza kumsalimia kesho yake. Wewe je? Nguzo ya umeme ikisimama majini, tuiambie ahsante?"

Watu wakaguna. Apaikunda alilipima neno lile na kuona lina ukweli. Desturi ilikuwa na sehemu mbili, kusimama na kuumia, naye alikuwa ameleta moja. Hakuwa na njia ya kuileta ya pili. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikuwa na hesabu isiyolingana, na hakujua aitazame wapi.

"Siwezi kuisikia baridi," alisema. "Ningeweza, ningeisikia."

Mama Ndelilio alirudi nyuma hatua moja.

Hapo mama yake akatoka katikati ya watu. Alikuwa amejifunga kanga mbili, na miguuni alikuwa na kandambili. Akazivua, akazipanga vizuri kando ya mfongo, zikitazama upande mmoja, kama anayeingia nyumba ya mtu. Akaingia majini.

Pumzi ilimkata. Alimshika mwanawe mkono, akaubana, akasimama pembeni yake akiwatazama watu wake.

"Basi nitaisikia mimi," alisema.

Mtu mmoja alisema, "Mama Apai, toka humo, una kifua wewe." Hakutoka. Baada ya muda taya zikaanza kumcheza. Kisha mabega. Kutetemeka kulishuka mkononi kukaingia kwenye mkono wa Apaikunda, ambao ulitikisika nao bila kuwa na shida yoyote ya kwake. Apaikunda alitazama mikono ile miwili. Alijua, kama mtu anavyojua jina la mji asiowahi kuufikia, kwamba kinachoendelea pale ni kikubwa. Alitamani kukifikia, ikiwa ile ilikuwa tamaa, na si kumbukumbu tu ya tamaa.

"Mama, toka. Utaumwa."

"Nyamaza."

Mama Ndelilio alikuwa wa kwanza kulia. Alilia kwa hasira, akijifuta kwa nyuma ya mkono, kisha akaenda kumchukulia mama Apai kanga kavu na kusimama nayo ukingoni akisubiri. Wengine nao wakaacha kuchota. Maji yalishuka hadi nusu ya muundi, yakashuka hadi vifundoni, yakawa uzi mwembamba unaotafuta njia katikati ya mawe. Yalipofika vidoleni, mama aliinama akakinga kibuyu kidogo alichokuwa amekifunga kiunoni, kikajaa kwa taabu. Kisha mfongo ukanyamaza. Watu waliokuwapo pale walikuwa wameusikia tangu tumboni mwa mama zao, na hawakuwahi kuusikia ukinyamaza moja kwa moja. Mzee mmoja alikaa chini pale pale kwenye majani.

6

Nyumbani mama alimkalisha kizingitini, mlango wa mbele safari hii. Yeye mwenyewe bado alikuwa anatetemeka ndani ya kanga ya Mama Ndelilio.

"Mwanangu, unatoka damu."

Apaikunda alitazama. Chini ya unyayo palikuwa na jeraha refu, la kipande cha chupa labda, na nyuma yao, kuanzia kwenye mfongo hadi mlangoni, alikuwa ameacha alama moja nyekundu kwa kila hatua. Hakuwa amejua.

Mama alichukua kile kibuyu na bakuli. Akamimina.

"Hayo maji mngekunywa," alisema Apaikunda. "Ndiyo ya mwisho."

"Najua." Mama akaendelea kuosha, akitoa mchanga kwa kidole, taratibu, akipuliza kama anavyopuliziwa mtoto. Alifanya hivyo muda mrefu. Halafu, bila kuinua kichwa, alisema, "Marahaba."

Apaikunda hakuelewa mara moja. Alipokumbuka kwamba alikuwa amemwamkia jana nyuma ya nyumba, na kwamba salamu ile ilikuwa imengoja usiku kucha kujibiwa, kitu kidogo kilimchoma. Alidhani ni kifuani. Alipotafuta aliona ni unyayoni, pale kwenye jeraha, chembe ya maumivu isiyozidi punje ya ulezi.

"Inauma?" mama aliuliza. Alikuwa ameona mguu ukishtuka.

"Kidogo."

Mama aliacha kuosha. Walikaa wote wawili wakiungoja mguu. Punje ikawa mbili. Kisha ikapanda, haraka kuliko Profesa Ndosi alivyosema, ikapita gotini na tumboni, na Apaikunda akaisikia baridi ya mfongo, ile aliyosimama ndani yake saa nzima, ikimwingia sasa hivi juani. Meno yakagongana. Akatazama nje akaona ndoo zilizopangwa barazani kwa jirani, zimejaa, zimefunikwa sahani, na akaelewa amefanya nini. Mkono wenyewe ukaenda mfukoni, ukatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Lemayian. Wa juu." Sauti yake ilikuwa imepasuka, aliishangaa. "Nimwambie atandaze, mama. Bado kuna jua. Maji yatafika kesho."

Mama alimtazama machoni, vile vile kama siku ile kaburini. Safari hii alikuta mtu.

"Hesabu zako zilikosea?"

Apaikunda alitaka kusema ndiyo. Hakuna alichowahi kukitaka zaidi. "Hapana," alisema.

"Watu wa Ngarony wana mama?"

"Wanao."

"Basi acha." Mama aliichukua simu mkononi mwake, kwa upole, akaiweka ndani ya bakuli, lililokwisha maji sasa. "Tutahama. Tutalia, tutakutukana, tutahama. Na wewe utakuwepo usikie."

Chini barabarani gari lilipiga honi. Muuguzi alikuwa amefika, mapema kidogo kuliko ilivyopangwa, akiwa na kisanduku cha baridi mapajani. Apaikunda alilisikia gari, akajua kilichomo, na kwa muda fulani alikitamani jinsi mtu anavyotamani kitanda. Kilichokuwa kinakuja nyuma ya baridi kilikuwa kikubwa kuliko baridi. Alikiona kwa mbali, akakijua.

"Mama," alisema, "baba tulimlaza upande gani? Nimetafuta kichwani sipaoni."

Mama alifunga jeraha kwa upindo wa kanga, akamwinua, akamwegemeza begani kwake, wakaanza kwenda pole pole kuelekea kaburini, kule migombani. Honi ililia tena. Apaikunda alikuwa ameanza kulia kabla hawajafika.